Raia, mwananchi na kipira cheupe: maswali yenu ya uraia na demokrasia

Maswali yamerundikana kweli, mengine ya darasani, mengine ni ugomvi wa nyumbani mmeamua kuniletea mimi niwe hakimu. Nimeokota nane. Kama lako halimo usinune, litafika.

Shikamoo mwalimu. Hivi raia na mwananchi si kitu kimoja tu? Mbona watu wanatofautisha?

Marahaba. Kwa maongezi ya kila siku ni kitu kimoja, usijisumbue. Ila ukiyakagua maneno yenyewe utacheka. Raia tumelitoa kwenye Kiarabu na huko mzizi wake ni kundi linalochungwa, yani kuna mchungaji na kuna wanaochungwa, ndo maana masultani waliwaita hivyo watu wao, wanalindwa, wanatozwa kodi, basi. Waarabu wenyewe leo wakitaka kumtaja mtu mwenye haki zake mbele ya serikali wanasema muwatin, linatokana na watan, yani nchi yako, kwenu. Sasa mwananchi ni mwana wa nchi, mtoto wa mwenye nyumba, na mtoto wa nyumbani hachungwi, huyo anauliza hadi hela ya nyumba imeenda wapi. Lakini nalo lina mtego wake, maana ukishasema mwana lazima mtu aulize mwana wa nani, na aliyehamia miaka 30 iliyopita akalipa kodi zote anabaki mgeni tu. Kwa hiyo nadharia nzima ya uraia iko humo kwenye maneno mawili: wewe ni mtu wa kulindwa, au ni mtu wa kuamua, na nani anahesabiwa kuwa wa humu ndani.

(Alafu kuna ile maana ya tatu, raia kama mtu asiye askari, "alikuja amevaa kiraia". Hiyo tuiache.)

Paulo kwenye Biblia alisema yeye ni raia wa Rumi wakaacha kumpiga hapohapo. Uraia wa kipindi kile ulikuwa na nguvu gani jamani?

Hii stori naipenda sana, iko Matendo 22. Wameshamfunga kamba tayari kwa mijeledi, anamgeukia akida aliyesimama pale anamuuliza, kwani sheria inawaruhusu kumpiga Mrumi ambaye hata hajahukumiwa? Akida anakimbilia kwa mkuu wake, mkuu anakuja mwenyewe anasema mimi huu uraia niliupata kwa hela nyingi, Paulo anamjibu mimi nimezaliwa nao. Waliotaka kumpiga wakarudi nyuma, na yule mkuu mwenyewe akaogopa maana ameshamfunga.

Angalia Paulo anacho nini na hana nini. Ana ngao. Hachapwi bila kesi, na baadaye anakata rufaa kwa Kaisari. Lakini hakuna mahali anaulizwa maoni yake kuhusu nani atawale au kodi iwe kiasi gani. Huo ndo uraia wa Kirumi ulivyokuja kuwa chini ya makaisari, hadhi ya kisheria, unaweza kuishi mbali kabisa na Roma na bado ukawa nao. Mwaka 212 Kaisari Caracalla akawapa karibu watu huru wote wa dola nzima, na hapo ndo ikaonekana kwamba kitu kikigawiwa bila madaraka kinaweza kupungua thamani, kwa sababu tayari mahakama zilikuwa zinatofautisha adhabu za watu wa heshima na za watu wa chini, wote raia, lakini mmoja anafukuzwa mji na mwingine anatupwa kwa simba.

Athene ya kale kule Ugiriki iliwatenga wanawake na watumwa, iweje bado tunaambiwa ndo mwanzo wa demokrasia? Naona tunadanganywa.

Nusu uko sahihi na sitakupinga. Wanawake nje, watumwa nje, wageni wakazi nje hata kama wamezaliwa palepale. Mwaka 451 KK kiongozi wao Perikles akapitisha sheria ikakaza zaidi, baba na mama wote wawe Waathene ndo mtoto awe raia. Na kuna kituko hapa watu hawakisemi sana: mwanafalsafa Aristotle, yule aliyetuachia maana maarufu kwamba raia ni mtu anayeshiriki kuamua na kushika madaraka, anatawala na kutawaliwa kwa zamu, yeye mwenyewe alitokea mji mwingine, Stagira, pale Athene alikuwa mgeni mkazi, hana kura. Aliangalia kupitia dirishani akaandika vizuri kuliko waliokuwa ndani!

Ila nusu ya pili sikubaliani na wewe, kwa sababu kitu cha kujifunza pale si nani aliingia, ni walioingia walifanyaje kazi. Sisi tukisikia demokrasia tunawaza uchaguzi. Wao hawakuwaza hivyo. Viongozi wengi walipatikana kwa bahati nasibu, kuna hadi jiwe la kazi hiyo, vipande vyake vipo makumbusho Athene. Ni bamba la jiwe limesimama wima limejaa vijitundu kwa mistari. Raia anakuja na kibao chake kidogo chenye jina, kinachomekwa kwenye kijitundu. Pembeni ya jiwe kuna mrija, humo wanamimina vipira vyeupe na vyeusi vimechanganywa, vinatoka kimoja kimoja chini. Kikitoka cheupe mstari mzima wa juu unaingia mahakamani leo kuamua kesi, kikitoka cheusi mstari mzima mnarudi nyumbani. Unaofuata. Hakuna kampeni, hakuna kumjua mtu, na kuhonga ni kazi ngumu maana hujui asubuhi nani atakaa pale.

Baraza la watu 500 nalo lilitokana na kura ya bahati, unakaa mwaka mmoja, na maisha yako yote si zaidi ya mara mbili. Humo ndani kila siku mmoja anaangukiwa kuwa mwenyekiti, usiku mmoja na mchana mmoja, anashika funguo za mahali zilipowekwa fedha na muhuri wa dola, kesho anampa mwingine na haruhusiwi kurudia tena maishani. Makamanda wa vita hao waliwachagua kwa kura, kwa sababu vita si mahali pa kujaribu bahati. Na Aristotle aliandika kwamba kupata viongozi kwa bahati nasibu kunaonekana ni jambo la kidemokrasia, kuwachagua ni la utawala wa wachache, na mimi naongeza kwamba wanaochaguliwa mara nyingi ni wenye jina na wenye mali. Soma hiyo sentensi mara mbili alafu fikiria chaguzi unazozijua.

Na wala si mambo ya makaburini. Ireland walichukua watu 99 wa kawaida kwa bahati nasibu, wakawapa jaji wa Mahakama ya Juu awaongoze, wakakaa wikiendi kadhaa kuanzia 2016 wakisikiliza madaktari, wanasheria na pande zote kuhusu utoaji mimba, suala ambalo wanasiasa walikuwa wanaliogopa kama moto. Wakatoa mapendekezo, 2018 nchi nzima ikapiga kura ya maoni, waliokubali mabadiliko ya katiba wakawa 66.4%. Uwe unakubaliana na matokeo au hukubaliani, cheki njia waliyopita.

Demokrasia si ni wengi wape tu? Mbona mnaizungusha sana na minadharia?

Methali umeikata katikati bana, imalizie: wengi wape, wachache wasikilizwe. Hiyo nusu ya pili ndo watu wameandikia vitabu miaka 200.

Mwaka 406 KK Waathene walishinda vita vya majini pale Arginusae, lakini dhoruba ikazuia kuwaokoa mabaharia waliokuwa wanazama. Wananchi wakapandwa na hasira, wakataka makamanda wanane wahukumiwe wote kwa mpigo, kura moja, kinyume na sheria yao wenyewe iliyotaka kila mtu asikilizwe peke yake. Waliojaribu kupinga wakapigiwa kelele, kwamba ni balaa gani hii watu kuzuiwa kufanya wanachotaka. Siku hiyo mwanafalsafa Socrates alikuwa zamu kwenye kamati iliyoongoza mkutano, akagoma kabisa kuipeleka hoja. Haikusaidia. Sita waliokuwepo wakauawa, na muda si mrefu walewale waliopiga kura wakaanza kujuta na kuwatafuta waliowashawishi. Wengi walipewa, si ndo ulivyotaka?

Ndo maana James Madison, mmoja wa waliounda katiba ya Marekani, mwaka 1787 alihangaika sana na swali la kundi kubwa kuwakandamiza wachache, na mwandishi Mfaransa Tocqueville baadaye akaonya kuhusu udhalimu wa wengi. Katiba, mahakama huru, haki ambazo hata kura 99 kwa 1 haziwezi kuzifuta, hivyo vyote ni jibu la wasiwasi huo.

Mimi niliwahi kukaa kwenye kikao cha wapangaji wa jengo moja, mwenyekiti kafungua kwa sala, kasoma pendekezo la kuongeza mchango wa ulinzi, hata hajavuta pumzi kasema "wanaokubali wanyooshe mikono". Mikono ikapanda. Mama mmoja nyuma akauliza hela ya mwanzo imefanya nini, akaambiwa mama tumeshapita hapo. Kura ilikuwa halali kabisa! Lakini kundi la wanadharia wanaosisitiza majadiliano, mwanafalsafa Mjerumani Habermas akiwa mmoja wao, wangekwambia kilichokosekana ni zile dakika kumi kabla ya mikono, ambapo yule mama anauliza na mtu analazimika kumpa jibu ambalo hata asiyempenda anaweza kulikubali.

Sijawahi kupiga kura maisha yangu yote. Mjomba ananiambia mimi si raia kamili. Kweli?

Mwambie mjomba shikamoo kwanza. Kisheria kakosea, uraia wako haufutiki kwa sababu ulilala siku ya uchaguzi. Ila kuna nchi zingekutoza faini. Australia uchaguzi wa 1922 walijitokeza chini ya 60% ya waliojiandikisha, mwaka 1924 wakapitisha sheria ya lazima, uchaguzi wa 1925 wakavuka 91%. Na Athene walikuwa na kamba imepakwa rangi nyekundu, wanaivuta kutoka sokoni kuwasukumia watu mkutanoni, tunajua kwa sababu mwandishi wa vichekesho wa enzi zile aliwatania wanavyoikwepa wasichafuke.

Wanaomuunga mkono mjomba wanafuata ule mkondo wa Aristotle, kwamba uraia ni kazi, usipoifanya unabaki na jina tu. Wanaokutetea wewe wanasema uhuru ni pamoja na uhuru wa kukaa pembeni. Mchumi Schumpeter mwaka 1942 alienda mbali zaidi, kwake demokrasia ni wanasiasa kushindania kura zenu, mkishawachagua mwacheni dereva aendeshe. Mimi hapo ndo tunagombana. Mwanafalsafa Rousseau alishaona hatari yake 1762 aliposema Waingereza wanajiona huru lakini wako huru siku ya kuchagua wabunge tu, ikipita wanarudi utumwani. Kwa hiyo swali langu kwako si la kura. Zile siku nyingine zote, unauliza chochote? Kama unahudhuria vikao na kufuatilia bajeti basi wewe humpigii kura mtu lakini ni raia kuliko mjomba anayepiga na kulala miaka mitano.

Shule na hospitali zinaingiaje kwenye uraia? Hiyo si huduma tu?

Mlaumu T. H. Marshall, msosholojia wa Kiingereza, mihadhara yake ya Cambridge ya 1949. Alisema uraia ulijengwa kwa ngazi: karne ya 18 haki za kiraia kama kumiliki mali, kusema na kwenda mahakamani, karne ya 19 haki za kisiasa, karne ya 20 haki za kijamii. Hoja yake ni rahisi, asiyejua kusoma na mgonjwa asiyetibiwa atatumiaje hizo haki nyingine? Zitabaki kwenye karatasi.

Tatizo, ngazi hiyo ni ya mwanaume wa Uingereza. Uswisi wanawake walipata kura ya kitaifa 1971, na kwenye jimbo la Appenzell Innerrhoden walisubiri mpaka 1990 ndo wakaruhusiwa kwenye kura za jimbo, tena kwa amri ya mahakama. Ngazi zinaruka, nyingine zinarudi chini.

Paspoti mbili, je, ni usaliti?

Hapana. Mkataba wa The Hague wa 1930 ulitamani kila mtu awe na uraia mmoja na mmoja tu, dunia ikaenda kwingine, nchi nyingi leo zinaruhusu. Zako zinaruhusu au la, soma sheria ya nchi zote mbili, siyo moja.

Rafiki yangu anasema hana uraia wa nchi yoyote. Hilo linawezekanaje?

Linawezekana na wala si kosa lake. Nchi nyingine inatoa uraia kwa damu, nyingine kwa ardhi uliyozaliwa, ukizaliwa katikati ya sheria mbili zisizokutana unabaki hewani. Kuna nchi mama haruhusiwi kumrithisha mtoto uraia, baba akikosekana basi. Kuna ambao nchi yao ilivunjika, kuna ambao walivuliwa kwa makusudi. Hannah Arendt, mwanafikra Myahudi, alikimbia Ujerumani 1933, wakamvua uraia 1937, akaishi bila nchi mpaka alipopata uraia wa Marekani 1951, na mwaka huohuo alichapisha kitabu chenye hoja yake kwamba kabla ya haki zote kuna haki ya kuwa na haki, yani uwe wa mahali fulani ambapo ukilalamika kuna anayewajibika kukusikia. Hakuisoma popote, aliiishi.

Kuna mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1954 unaowalinda watu kama rafiki yako, na wa 1961 unaotaka nchi impe uraia mtoto aliyezaliwa kwake ambaye vinginevyo hatakuwa na wowote. Muulize kama nchi aliyozaliwa imeridhia huo wa pili. Alafu aanze na karatasi: cheti chake cha kuzaliwa, kama hana basi kadi ya kliniki, ya ubatizo, ya shule, cha mama yake, chochote chenye tarehe na mahali, na atoe nakala kabla hajakabidhi chochote dirishani.