Sindano za kuongeza damu kwa mgonjwa wa figo: mbona damu haipandi?

Ndugu, umeuliza kwa nini mzee wako anachomwa homoni ya erithropoietini mwezi wa pili sasa na damu (yaani hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni) imegoma kwenye gramu 8 kwa desilita. Pole sana. Mimi nasafishwa damu mwaka wa sita huu, na mwanzoni niliamini sindano ile inatengeneza damu. Haitengenezi.

Figo nzima huitoa homoni hii zikihisi oksijeni imepungua. Zetu zimechoka, ndiyo maana tunachomwa. Homoni inakwenda kwenye uboho wa mifupa kutafuta kipokezi chake, kilichopo juu ya seli changa ambazo hazijawa chembe nyekundu. Kipokezi ni protini mbili pacha. Homoni ikizishika zote mbili, kimeng'enya kiitwacho JAK2, kilichojishikiza upande wa ndani, kinaamka na kuiamsha protini iitwayo STAT5, nayo inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni.

Ujumbe mkubwa unaofika pale ni huu: usife. Seli hizo changa zisipousikia hujiua zenyewe, na homoni ikiongezeka, zinazonusurika zinaongezeka. Basi. Kilichonichukua muda kuelewa ni kwamba kunusurika si kukomaa. Seli iliyookolewa bado inadai madini chuma ili ijaze hemoglobini, na yangu yalikuwa yamekwisha kabisa. Nilichomwa miezi mitatu bure! Nilipowekewa chuma kwenye mshipa, damu ikatoka 7.8 ikafika 10.6, dozi ya sindano ikiwa ileile.

Usikubali mtu awashauri kuzidisha dozi kienyeji. Kipokezi kina mkia ndani ya seli, na sehemu ya mkia huo kazi yake ni kuzima ujumbe. Eero Mäntyranta wa Finland, bingwa wa Olimpiki wa mbio za theluji miaka ya 1960, alizaliwa na mkia uliokatika, hivyo ujumbe haukuzimwa vizuri. Hemoglobini yake ilipita 20. Yeye aliishi nayo tangu utotoni. Sisi tukilazimisha damu ipande sana kwa sindano, tunakaribisha shinikizo la damu, damu kuganda na kiharusi. Daktari wangu haniruhusu kuvuka 11.5.

Kliniki ijayo ombeni kipimo cha feritini (protini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini) na kiwango cha chuma kinachosafirishwa kwenye damu. Muulizeni pia daktari kama mzee ana maambukizi popote, hata kwenye mrija wa kusafishia, kwani mwili ukiwa unapigana na ugonjwa huficha chuma ulicho nacho.