Shemeji, kulea sio kipaji cha wanawake peke yao

Juzi dada mmoja wa Morogoro kanitumia meseji ndefu, mtoto wake ana miezi saba na mumewe hajawahi kumwogesha hata siku moja, akimwomba anajibiwa "kulea mmeumbiwa nyinyi". Anataka kujua kama ni kweli. Nilitaka nimjibu mistari miwili nikashindwa, maana hilo neno na mimi nimeshaambiwa, tena nikiwa na mtoto kifuani.

Mwaka 2019 mke wangu alipata kifafa cha mimba wiki ya 32. Upasuaji wa haraka, mtoto katoka na kilo 1.5, mama mtu hajitambui. Nimesimama koridoni na ndoo na beseni, nesi wa zamu ya usiku, mama mtu mzima, akatoka akaniita, "baba mtoto, njoo, vua shati." Akanikalisha, akamlaza mwanangu kifuani kwangu, ana nepi na kofia na soksi tu, miguu kaikunja kama chura, kichwa kageuzia pembeni, kisha akatufunga wote wawili na khanga. Mwepesi mpaka naogopa kupumua. Wanaiita kangaruu, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, mashine za kuwapa joto watoto njiti zilikuwa hazitoshi. Mimi nilikuwa sijui chochote, mikono inatetemeka, nalia kimya kimya.

Siku ya nne nilikuwa nishamjua. Akisikia njaa anatafuta kwa mdomo kabla hata hajalia, akishiba vidole vinaachia. Nani alinifundisha? Ni yeye mwenyewe, kwa sababu nilikuwepo.

Halafu nesi wa asubuhi akaja: "Hamna ndugu wa kike? Mwanaume anafanya nini humu?" Nikatolewa nje masaa mawili mtoto akiwa peke yake. Na shangazi yangu mzazi akasema mbele za watu kwamba nimelishwa limbwata. Shangazi huyo nikimwona namsalimia vizuri tu, lakini halijanitoka.

Kazini nilikuwa na siku 3 za likizo, ndivyo sheria ya ajira ya mwaka 2004 ilivyompa baba, mama kapewa 84. Nikala na likizo yangu ya mwaka yote. Sasa jamani, mmoja akae na mtoto siku 84, mwingine 3, halafu tuwaangalie tuseme yule wa kwanza kazaliwa na kipaji?

Sikatai maumbile. Mimba anabeba yeye, ananyonyesha yeye, na mwili wake unaandaliwa kwa homoni ambazo mimi sikuandaliwa nazo. Ila mwili wa baba nao unabadilika akikaa karibu na mtoto. Kuna utafiti ulitoka 2009 umefanyika hapa hapa kwetu, wakalinganisha Wahadzabe, ambao kina baba wanabeba sana watoto, na Wadatoga, ambao mtoto mchanga ni shughuli ya mama. Kwa Wahadzabe wenye watoto walikutwa na homoni ya kiume kidogo kuliko wasio na watoto, kwa Wadatoga hakukuwa na tofauti. Wote wanaume, wote Watanzania, tofauti ni nani anashika mtoto.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kumshika. Mshike mtoto wako, kina baba, mshike akiwa amelala na akiwa analia, usisubiri achangamke ndio umpige picha. Na kina mama mumwachie, akifunga nepi upande usimnyang'anye, maana mkimnyang'anya mara tatu ya nne haji, halafu mnalalamika. Unataka kuitwa kichwa cha nyumba na damu yako hujui inalalia ubavu gani? Mungu hakukupa mikono ya kushika rimoti.

Dada, Jumamosi nenda saluni, mwachie mtoto na beseni. Na shemeji kama unasoma hapa: maji yawe vuguvugu, pima kwa kiwiko sio kiganja, mkono wa kushoto upite chini ya shingo umshike bega, anza na uso, nywele mwisho asipate baridi, taulo liwe karibu kabla hujaanza. Atalia. Usimpigie simu mama yake, endelea kumshika.