Mtoto anataka kuigiza: usianze kwa kulipa ada

Dada uliyeuliza jinsi ya kumwingiza binti yako kwenye uigizaji, hao wanaojiita mawakala na kukudai laki moja na nusu "ya usajili" kabla mtoto huyo wa miaka tisa hajaonekana hata kwenye tangazo la sabuni, achana nao. Wakala wa kweli hukata asilimia yake kwenye malipo ya kazi. Kazi isipopatikana, naye hapati kitu.

Picha za kumtumia wakala mpige mwenyewe kwa simu: asubuhi, karibu na dirisha, nyuma yake ukuta mtupu, nywele zake za kila siku, bila lipstiki. (Sijui nani aliwaambia wazazi kuwa mtoto apambwe kama bibi harusi.) Ongeza video ya dakika moja akitaja jina, umri, kisha asimulie kitu kilichomchekesha. Usimkaririshe.

Mazoezi atayapata kwenye ngonjera na maigizo ya shule. Mkiweza, mpeleke Bagamoyo wakati wa tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha huko, akaone waigizaji jukwaani.

Akiitwa kwenye usaili, nenda naye, na usikubali kuachwa getini. Mkataba usaini wewe, baada ya kusoma picha zake zitatumika wapi na kwa muda gani. Siku ya mtihani wa shule haendi lokesheni kurekodi, hata wakubembeleze vipi.