Jibu: Boma la Kale ni la Wajerumani au la Sultani?

Salaam, ndugu. Umeuliza kama Boma la Kale, lile linaloitazama bandari ya Dar es Salaam, lilijengwa na Wajerumani, kama mwongoza watalii alivyokueleza. Sivyo. Lilijengwa mwaka 1866 hadi 1867 kwa amri ya Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, ili wageni wake wafikie hapo, karibu na kasri lake mwenyewe. Ukienda, anza na kuta: mimi nilisimama nikapapasa mawe yale ya matumbawe, kisha nikautazama kwa muda mrefu mlango wa mbao ulionakshiwa, ambao kwa macho yangu ndio ushahidi mzuri kuliko wote. Majid alifariki mwaka 1870, nduguye Barghash hakuuendeleza mji, na Wajerumani wakayakuta majengo yamekwisha simama.