Muulize Mwalimu: Wiki nzima daftari halina kitu, mwanangu anasoma kweli?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Binti yangu kaanza darasa la kwanza hapa Morogoro, shule ya serikali. Wiki iliyopita nilikuwa nakagua daftari lake kila jioni, nakuta mistari miwili mitatu basi, Jumatano hamna kitu kabisa. Nikimuuliza leo mmesoma nini anasema tumeimba, mara tumehesabu vizibo, af anazunguka nyumba nzima mmmmm mmmmm kama nyuki. Mtoto wa jirani anasoma shule ya kulipia, daftari lake limejaa. Baba yake anataka tutafute tuisheni kabla hajaachwa nyuma. Naomba unisaidie, silali vizuri. (Mama wa Morogoro)

JIBU: Marahaba mama. Hiyo mmmmm inayokunyima usingizi ndo somo lenyewe, na mimi ningeisikia kwa mwanangu ningefurahi sana. Nimekaa na darasa la kwanza miaka mingi, ngoja nikupitishe kwenye hiyo wiki nikiwa upande wa ubaoni.

Jumatatu mwalimu anaanza na irabu ambazo watoto wameshazizoea, a e i o u, halafu analeta sauti moja mpya, tuseme m. Analeta sauti na sio jina la herufi, hapo wazazi wengi tunakosea nyumbani, tunamwambia mtoto hii ni "emu", na hii ni "a", haya soma, mtoto wa watu anasoma "emua" na anapigwa kofi wakati amesoma kile kile alichofundishwa. Darasani anafunga midomo anasema mmmm halafu anaifungua kwenye a, inatoka ma. Siku nzima ni midomo, masikio na kupiga makofi, sasa hapo daftari litaandikwa nini?

Jumanne ndo utamu unaanza. Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto mwenye irabu tano na hiyo m moja tu tayari anaweza kusoma mama, mimi, maua, mimea, umeme. Jaribu mwenyewe kuhesabu uone, hakuna herufi ya saba ya kigeni humo. Kuna mwaka niliandika ubaoni "mama ameumia", nikamwita mtoto mmoja mpole ambaye tangu shule ifunguliwe alikuwa hajafungua mdomo. Akaweka kidole akaenda a-me-u-mi-a, taratibu, jasho linamtoka puani, akarudia kwa haraka, ameumia, af akanigeukia akaniuliza, mwalimu, kaumia wapi? Mama, sijawahi kusahau lile swali. Yule hakuwa anakariri, alikuwa amesoma akaelewa mpaka akaingiwa na huruma, na daftari lake siku hiyo lilikuwa jeupe.

Jumatano kwenu hamkuona kitu, inawezekana kabisa walikuwa wanaandika ila kwa kidole, hewani, mchangani, au mgongoni kwa mwenzake akisie ni herufi gani. Mkono wa mtoto wa miaka sita bado mlaini, ukimkimbiza kwenye penseli anaikaba kama mchi na kukaba huko huwa kugumu kukutoa baadaye. Alhamisi vizibo na vijiti, Ijumaa marudio na imla ya maneno machache, na hapo mwalimu anajitahidi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Nasema anajitahidi kwa sababu kipindi cha darasa la kwanza ni nusu saa, na michango ilipofutwa Januari 2016 watoto walifurika, mimi mwenyewe nimewahi kuwa na zaidi ya 90 chumba kimoja. Kwa hiyo kusikilizwa peke yake ndo kitu mwanao anakikosa kweli shuleni, na ndo kitu unachoweza kumpa nyumbani, dakika kumi tu wakati ugali unaiva.

Sasa tuisheni usikimbilie. Daftari lililojaa huwa mara nyingi limenakiliwa ubaoni, mtoto anachora herufi vizuri ila hazisemi kitu kwake. Chukua kipande cha karatasi uandike "umeme", neno ambalo hajaliona kitabuni, mpe asome bila kumsaidia. Akilisoma, hata kwa kujikokota, anasoma. Akishindwa mwezi huu wa kwanza wala usishtuke, ila kama muhula unaisha na bado hawezi kuunganisha ma na ua nenda kamwone mwalimu wake, nenda asubuhi kabla ya vipindi, ukamuulize sauti zipi zinamsumbua. Na mwambie amwangalie macho na masikio pia, wapo watoto wanaoitwa wazito kumbe ubao hawauoni.

SWALI: Mwalimu mimi nipo Tanga, mjukuu wangu yupo la kwanza anaandika kwa mkono wa kushoto. Bibi mwenzangu anasema tumfunge kitambaa aache. Tufanyeje?

JIBU: Shikamoo bibi. Nakuomba sana msimfunge. Mkono wa kushoto sio ugonjwa wala utovu wa adabu, kula na kusalimia mfundisheni kulia kama desturi yetu, penseli mwachieni mkono wake. Mwombe mwalimu amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, maana wakibanana watatu kiwiko chake kinagongana na cha mwenzie, maandishi yanaruka na anaambiwa hajui kuandika. Daftari aliinamishe kidogo, juu kwende kulia, hapo ataona anachoandika.

SWALI: Mwanangu kila akiambiwa andika kumi na tatu anaandika 103. Mwalimu wake kamchapa. Ni uzembe?

JIBU: Hapana jamani, na fimbo hapo imemwonea. Mtoto kasikia kumi, kaandika 10, kasikia na tatu, kaongeza 3. Kiswahili kimemwambia ukweli kwamba kuna kumi moja na tatu pembeni, yeye kasikiliza vizuri kabisa, ila hajaonyeshwa kwamba ile sifuri ni nafasi inayosubiri mamoja. Hesabuni vizibo 13 sakafuni, kumi vifungeni kwenye mfuko, vitatu viache nje. Halafu kata boksi la maharage au la sabuni, kadi moja andika 10, kadi ndogo andika 3, mwambie hiyo ndogo aifunike sifuri. Mwache ainue, afunike tena, ainue, afunike, mpaka asome mwenyewe 13. Kesho yake mpe 4 na 7 ajaribu kwenye kadi ile ile, na mpelekee mwalimu wake hizo kadi mkononi, kwa heshima, umwonyeshe alivyofanya.