Karani wa mahakama na dai la mshahara sawa: pima kazi kabla ya kulinganisha malipo

Mgeni katika masjala ya mahakama nchini Kenya hachelewi kugundua kwamba watu wawili wanaokaa kaunta moja, wanaofungua majalada ya aina moja na kupanga orodha ya kesi ya hakimu mmoja, hawalipwi sawa. Wengi huandika barua ya malalamiko wiki hiyo hiyo, na mara nyingi barua hiyo ndiyo inayoliua dai. Inatamka "tunafanya kazi ile ile" kabla mwandishi hajajua kazi hiyo hupimwa vipi, na kila atakachosema baadaye kitalinganishwa nayo. Basi msiandike mapema. Kazi ya maandalizi ni kubwa kuliko mnavyodhani, na karibu yote hufanyika kabla ya kumshtaki mtu yeyote.

Kwanza tambua unagombania nini. Huenda daraja lenyewe la wadhifa wako limewekwa chini. Huenda daraja ni sahihi, ila ndani yake mdogo wako kazini yuko nukta ya juu kuliko wewe, yaani hatua ya juu zaidi ya mshahara ndani ya daraja hilo. Huenda mshahara wa msingi ni sawa na kinachotofautiana ni marupurupu. Au wewe uko kwa mkataba na mwenzako ana ajira ya kudumu yenye pensheni. Kila moja ina ushahidi wake na mtu wake wa kuitatua. Ukizichanganya katika dai moja, mwajiri atajibu ile dhaifu na kuacha zilizobaki zining'inie.

Aina ya marupurupu iondoe mapema. Posho ya nyumba katika utumishi wa umma hutegemea kituo, kwa hiyo karani wa Nairobi na wa mji mdogo wanaweza kuwa daraja moja na bado wapokee jumla tofauti bila kosa lolote. Linganisha mshahara wa msingi kwa mshahara wa msingi, mwezi ule ule. Tena angalia mwezi wa nyongeza ya mwaka: anayeongezwa Januari na anayeongezwa Julai wataonekana wametofautiana kwa nusu mwaka, kisha wakawa sawa.

Tofauti ya nukta ndani ya daraja moja nayo huwa na maelezo yake, na lazima uyajue kabla hujaelezwa mbele ya watu. Mwenzako alihamia kutoka idara nyingine akiwa na mshahara mkubwa, ukalindwa kama wake binafsi. Au aliajiriwa akiwa na uzoefu uliomwanzisha juu ya nukta ya kwanza. Au wewe ulipandishwa cheo kabla ya jedwali jipya la mishahara, yeye akapandishwa baada yake, naye akaruka juu kuliko wewe. Hii ya mwisho ndiyo inayodaika vizuri, kwa sababu tofauti imezaliwa na tarehe tu, haikuzaliwa na sifa wala kazi. Kuithibitisha kunahitaji karatasi nne: barua zenu mbili za kupandishwa cheo, jedwali la zamani na jedwali jipya.

Sasa tuje kwenye daraja lenyewe, maana hapa ndipo wengi huanguka. Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, ilipotathmini kazi za utumishi wa umma ilitumia mfumo wa Paterson. Mfumo huo una makundi sita, kuanzia A hadi F, na kinachoamua kundi ni aina ya maamuzi ambayo kazi inamtaka mtu ayafanye. Wingi wa majalada hauhusiki. A ni kazi ambayo hatua zake zimeelezwa zote. B ni anayechagua jinsi ya kutekeleza hatua ndani ya utaratibu uliokwisha kuwekwa. C ni anayechagua utaratibu upi utumike. D ni wa kufasiri mipango, E ni wa kuipanga, F ni wa kutunga sera. Ndani ya kundi moja ndipo mzigo wa kazi, haraka yake, usahihi unaotakiwa na usimamizi wa wengine huweza kukusogeza ngazi ndogo moja juu. Kwa hiyo karani anayelalamika kwamba anapokea hati mia mbili kwa siku badala ya hamsini ametoa hoja ya kusogea ndani ya B. Hajatoa hoja ya kwenda C, hata kidogo. Malalamiko mengi ya haki hukataliwa hapo, na anayekataa huwa hana ubaya. Amesoma tu kile alichopewa.

Kinachomvusha karani kutoka B kwenda C ni pale anapoamua mwenyewe. Na kazi ya masjala imebadilika sana tangu uwasilishaji wa hati kwa mtandao ulipoanza Nairobi mwaka 2020. Karani aliyekuwa akipiga mhuri karatasi sasa hukagua hati kwenye mfumo, hukadiria ada, hurudisha ombi lenye kasoro na kueleza kwa nini. Ikiwa maelezo ya kazi yako bado yanasema "kupokea na kuhifadhi hati", hayo maelezo ndiyo yanayokukandamiza, na dai lako la kwanza liwe yaandikwe upya. Mtathmini husoma maelezo ya kazi. Hakai kaunta nawe.

Weka daftari la kazi kwa wiki nne hadi sita, na katika hizo ziwepo wiki ya shughuli nyingi na wiki ya kawaida. Lichorwe safu sita: tarehe, kazi, nani aliagiza, uamuzi uliofanya mwenyewe, nani aliukagua kabla haujatoka, na madhara kama ungekosea. Safu ya tano ndiyo nguzo ya daftari zima. Kama kila unachoamua hukaguliwa na mkuu wa masjala kabla ya kutoka, hiyo ni B. Kama ada uliyokadiria hulipwa na jalada likaendelea bila mtu mwingine kulitazama, una hoja. Andika pia kazi zisizo katika barua yako ya uteuzi: kutafsiri mahakamani, kutunza vielelezo, kushughulikia fedha za dhamana. Ila zitenganishe. Kama kazi ya juu uliipewa kwa barua na kwa muda, njia fupi ni kudai posho ya ukaimu, na mtu asikushawishi kuigeuza kesi ya usawa.

Kisha mchague mtu wa kulinganishwa naye. Awe na mwajiri mmoja nawe, awe ameingia kwa mlango unaofanana na wako, kwa maana ya elimu iliyotakiwa, mtihani au usaili, na mwongozo wa utumishi unaomhusu, na afanye kazi yenye thamani sawa na yako. Karani wa mahakama kujilinganisha na karani wa wizara ni kishawishi kikubwa, lakini hapo umejitwika mlima. Usichukue hati ya malipo ya mwenzako kwa siri: ni taarifa yake binafsi inayolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na utajiletea kesi ya nidhamu juu ya dai halali. Omba majedwali ya mishahara, mwongozo wa utumishi na matokeo ya tathmini ya wadhifa, kwa maandishi, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 kujibu, na inaweza kujiongezea mara moja kwa siku zisizozidi 14. Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka ombi la mapitio kwenye Tume ya Haki ya Utawala.

Jueni pia nani ana mamlaka gani, maana barua iliyopelekwa mahali pasipo na uwezo hupoteza mwaka mzima. Tume ya Huduma za Mahakama, JSC, huajiri na kusimamia nidhamu ya watumishi. Msajili Mkuu wa Mahakama ndiye msimamizi na afisa anayewajibika kwa matumizi ya fedha, na chini ya kifungu cha 173 cha Katiba ndiye huandaa makadirio ya kila mwaka yanayopelekwa Bungeni. SRC, chini ya kifungu cha 230, hushauri kuhusu malipo ya maafisa wote wa umma wasio maafisa wa serikali kikatiba, na makarani wamo humo. Neno "hushauri" lisiwapumbaze. Mwaka 2015, katika mgogoro wa mishahara ya walimu, Mahakama ya Rufaa ilisema ushauri huo unafunga. Hivyo hata mkuu wako akikubali kila kitu na kutia sahihi, bila SRC hakuna malipo. Ukifika mahakamani unganisha wote watatu, la sivyo utapata amri dhidi ya mtu asiyeweza kuitekeleza. SRC hupitia mishahara kwa mizunguko ya miaka minne. Memoranda, yaani maoni ya maandishi, iliyoifikia SRC kabla mzunguko haujafungwa ina thamani kubwa kuliko kesi iliyofunguliwa mwezi mmoja baadaye.

Someni maamuzi ya India. Hayawafungi majaji wa Kenya, lakini hakuna mahali makarani wa mahakama wamepigania jambo hili kwa kina zaidi, na hoja zinazowaangusha huku ni zile zile. Kesi ya State of Andhra Pradesh v. T. Gopalakrishnan Murthi ya 1976 ilihusu watumishi wa Mahakama Kuu waliotaka ngazi za mshahara za wenzao wa sekretarieti ya serikali. Jaji Mkuu wao alikuwa upande wao, ila kifungu cha 229 cha Katiba ya India kinataka kanuni za mishahara ziidhinishwe na Gavana, na Mahakama ya Juu ikakataa kumwamuru aidhinishe. Katika State of U.P. v. J.P. Chaurasia, iliyochapishwa 1989, makarani wanaokaa na majaji wa Allahabad walidai ngazi ya wakuu wa sehemu. Jibu likawa kwamba kulinganisha nyadhifa ni kazi ya vyombo vya kitaalamu kama tume ya mishahara, tena kwamba kada moja inaweza kuwa na ngazi mbili ikiwa ya juu hupatikana kwa kuchujwa kwa sifa. Upande wa pili ipo State of Punjab v. Jagjit Singh ya 2016: wafanyakazi wa muda wanaofanya kazi ile ile ya wa kudumu walipewa kima cha chini cha ngazi hiyo. Aliye kwa mkataba aianzie hapo.

Funzo la wazi: usiiombe mahakama ikupangie daraja. Iombe iamuru tathmini ifanyike, kwa tarehe maalumu, kwa maelezo mapya ya kazi. Na uombe sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo, na chini ya Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, ofisi isiyotoa sababu huchukuliwa kuwa haikuwa nayo ya maana mpaka ithibitishe vinginevyo. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa na humtwika mwajiri mzigo wa kukanusha ubaguzi, lakini ni baada ya wewe kuweka msingi: mlinganishwa, kazi, tofauti ya fedha.

Muda wa kufungua kesi ni miaka mitatu. Wengine hutegemea hoja kwamba kila mwezi wa malipo pungufu ni kosa linaloendelea. Hoja hiyo ipo na hubishaniwa, ila usiiwekee maisha yako. Hesabu kuanzia hati ya kwanza ya malipo iliyoonyesha tofauti, na kumbuka kwamba mazungumzo na mwajiri, hata yakiwa mazuri namna gani, hayasimamishi saa.

Mkidai kwa kundi, gawanyeni orodha kwa mlango wa kuingilia na tarehe ya kupandishwa cheo. Mtu mmoja asiye na sifa katika orodha ya arobaini humpa wakili wa upande wa pili mfano wa kuangushia wote. Kila mmoja awe na jedwali lake: mfano, msingi wa 38,000 dhidi ya 45,500 ni tofauti ya shilingi 7,500, ambayo kwa miezi 36 ni 270,000, kabla ya kodi na kabla ya kuingiza nyongeza za kila mwaka.

Na mkifikia suluhu, hati ya makubaliano itaje nukta ndani ya daraja, tarehe ya kuanza kutumika, kama malimbikizo yanalipwa na kwa awamu ngapi, na kwamba pensheni itahesabiwa kwa mshahara mpya. Makubaliano yanayotaja daraja peke yake humrudisha mtu kwenye nukta ya kwanza ya daraja jipya, ambayo wakati mwingine iko chini ya mshahara aliokuwa nao.