Rush, Vezel au X-Trail? Ijaribu na mama akiwa ndani, kwenye njia yako mwenyewe

Dada, wa alaykumu salaam. Umesema mko Fuoni, Unguja, wewe na mumeo, watoto wawili, na mama mzazi anayesumbuliwa na magoti. Asubuhi skuli na kazini mjini, wikiendi Makunduchi kwa wazee, na mara moja moja gari itapandishwa meli kwenda Pemba. Unachagua baina ya Toyota Rush, Honda Vezel na Nissan X-Trail, na dalali amekwambia zote nzuri, chagua rangi tu. Rangi iache mwisho kabisa. Gari zote tatu zimo ndani ya ukoo wetu: mimi naendesha Rush ya umbo la zamani, shemeji yangu ana X-Trail ile ya umbo la 2007 hadi 2013, na dada yangu ana Vezel ya umbo la kwanza. Isitoshe, jamaa wakienda kuangalia gari hunipitia twende pamoja, kwa hiyo nimeshalala chini ya gari nyingi za watu.

Kwanza, usikubali kuijaribu gari ukiwa wewe na dalali tu, kwenye lami nzuri, jioni kuna upepo. Hapo hakuna gari mbaya. Nenda na wote watano. Kila mtu akae pale atakapokaa siku zote, buti itiwe mzigo, AC iwashwe mpaka mwisho, na iwe saa saba ya mchana. Injini ya lita 1.5 yenye watu wawili na injini ile ile yenye watu watano na gunia la muhogo wa shamba ni gari mbili tofauti, na wewe unanunua hiyo ya pili. Muuzaji akikataa watoto wasipande, mshukuru, ondoka.

Anza na mama, kabla hata ya kuwasha injini. Mfungulie mlango, kisha kaa kimya umuangalie. Usimsaidie. Sakafu ya Rush iko juu, maana chini yake ina fremu kama gari za kazi, na mtu mwenye magoti analazimika kunyanyua mguu sana kisha ajivute. Mamaangu hushika ile mikono ya ndani juu ya mlango, hutia kiuno kwanza halafu miguu, na hapo ndipo utaona buibui linapita juu ya kile kizingiti cha chini cha mlango. Wakati wa masika kizingiti kina tope, na mama anafika harusini nguo ina mstari wa udongo. Vezel iko chini zaidi, anaingia kwa raha, lakini kitasa cha mlango wa nyuma kimefichwa juu pembeni ya kioo. Mgeni anakipapasa hakioni, na mtoto mdogo hakifikii. X-Trail kwa maoni yangu ndiyo inayomfaa zaidi mtu mzima: mlango unafunguka vizuri na kiti kiko usawa wa kiuno, hapandi wala hadidimii.

Kwetu mama hukaa mbele, ni heshima yake, na mumeo akiendesha wewe utakuwa nyuma na watoto. Basi kaa hapo nyuma wakati wa majaribio, usikae mbele. Angalia mkanda wa kiti cha kati: ukiwa ni wa kiunoni tu, bila ule wa kupita begani, mtoto wako hayuko salama kama wenzake. Tia vidole baina ya mgongo na kikalio cha kiti utafute vile vyuma vya kufungia kiti cha mtoto, ISOFIX. Kisha uvute kila mkanda mpaka mwisho wake. Kile kipande cha ndani ambacho huwa hakitoki kikiwa na alama ya maji au harufu ya uvundo, gari hiyo imewahi kuzama, hata wakikuapia.

Sasa injini. Ukifika tu, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto na gari haikuwa juani, wameshaipasha kabla hujaja, na injini iliyopashwa huficha mengi. Waambie utarudi kesho na wasiiguse. Ikiwashwa baridi, simama nyuma kwenye sailensa. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Moshi mweupe usiokwisha, wenye harufu ya utamutamu, ni maji ya rejeta yanaingia pasipostahili, na hapo usiulize tena bei. Halafu iache isimame juani robo saa nzima, injini inanguruma, AC mwisho. Gari nyingi zinatoa baridi zikikimbia, zikisimama zinatoa upepo wa mdomo. Huenda ni feni, huenda gesi, huenda kampresa yenyewe, na kampresa si pesa ndogo. Na wewe asubuhi utakuwa kwenye foleni ya Darajani, si kwenye mwendo. Kwenye Vezel ujue hakuna mshale wa joto: kuna taa ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikishachemka, katikati hakuna habari. Ndiyo maana mimi hubeba kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kompyuta ya gari kwenye simu. Kinakuonyesha joto kwa namba, na kinafichua kama mtu amefuta hitilafu asubuhi ile ile ili taa ya injini isiwake mbele yako.

Gia boksi ndiyo itakayokula pesa zako, kwa hiyo hapa tulia, usiharakishwe. Hizi gari tatu hazifanani kabisa.

Rush ina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Si ya kisasa, na ukifika kilomita 100 kwa saa injini inalia. Lakini kisiwa chetu urefu wake ni kama kilomita 85, mwendo huo hutaukaa muda mrefu. Mafundi wanaijua, na ikiharibika huonyesha dalili mapema: ukanyage breki, utoe R (nyuma) kwenda D (mbele), ikichelewa kisha ikapiga kishindo, imechoka. Kama ni ile inayovuta magurudumu yote manne, inavuta yote muda wote, haina kuzima, kwa hiyo usitarajie ulaji wa mafuta wa gari ndogo kama IST eti kwa sababu injini ni 1.5. Matairi manne pia yawe sawa kwa aina na kwa ulaji. Mawili mapya na mawili vipara, gari ya namna hiyo inajiumiza ndani.

X-Trail ina CVT, mkanda wa chuma badala ya gia. Ikiwa nzima inateleza kama haina gia kabisa. Ikichoka, utahisi mtetemo mdogo kwenye mwendo wa taratibu, kama unapita juu ya mawimbi ya udongo na hali uko kwenye lami, au injini inapiga kelele na gari haiongezi mwendo. Hilo hulioni kwenye barabara tambarare. Nenda Bububu, kata kulia upande wa Kijichi, upandishe na watu wote watano na AC, taratibu, kisha simama katikati ya mlima, funga breki ya mkono, na uondoke tena. Rudia ikiwa imeshapata moto. Na Pemba usiisahau: ukishuka melini Mkoani mlima unaanza pale pale bandarini, na kutoka hapo mpaka Chake ni kupanda na kushuka. CVT ikizidi joto gari hujipunguzia nguvu yenyewe ili isiungue. Muulize muuzaji oili ya gia imebadilishwa lini na imetiwa ipi. X-Trail hiyo inataka NS-2, oili ya CVT ya Nissan, si oili nyekundu ya otomatiki za kawaida. Fundi anayekwambia oili zote moja, usimpe gari yako.

Vezel za umbo hilo la kwanza zipo mbili na watu wanazichanganya. Isiyo haibridi ina CVT. Ya haibridi, yenye injini ya petroli na mota ya umeme, ina gia saba zenye klachi mbili kavu, na zile za mwanzo, zilizotoka mwisho wa 2013 na 2014, ziliitwa kiwandani Japani zaidi ya mara moja kwa ajili ya mfumo huo huo wa gia. Ikikimbia, mafuta inakula kidogo mno, hilo nalikubali, dada yangu anajaza sheli mara chache kuliko sisi sote. Lakini klachi kavu haipendi kutambaa. Foleni ndefu, jua kali, hatua moja simama, hatua moja simama, inapata moto na inaanza kushtuka. Kwa hiyo Vezel haibridi ijaribu kinyume cha X-Trail: si mlimani kwanza, ni kwenye msongamano wa saa kumi jioni, nusu saa ya kutambaa. Ikishtuka au ikileta onyo kwenye dashibodi, iache.

Kisha lala chini. Kweli kabisa, chukua mkeka, tochi na bisibisi. Kutu ndiyo inayoua gari visiwani, kuliko kilomita. Gari iliyotoka Hokkaido au kaskazini ya Japani imepita miaka juu ya barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, halafu inakuja kwetu kwenye upepo wa bahari. Gonga kwa mpini wa bisibisi kwenye vizingiti, na pale shokapu za nyuma zinaposhikia. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa na vumbi jekundu linakudondokea usoni. Na ukikuta chini pote pamepakwa rangi nyeusi mpya inayong'aa, usifurahi. Kwaruza kidogo uone inaficha nini.

Ikiwa gari imetoka mnadani Japani, dai karatasi ya mnada, si picha ya nusu yake. Ule mchoro wa gari una herufi: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali paliponyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Unazozitafuta wewe ni S na C, maana hizo ni kutu. Daraja, yaani alama ya jumla ya hali ya gari, likiwa R au RA, gari iligongwa ikatengenezwa. Si lazima uikatae, lakini bei isiwe ya daraja la 4. Namba ya chasisi kwenye karatasi ilingane na iliyopigwa kwenye chuma, na kilomita za siku ya mnada zisizidi zilizoko kwenye dashibodi leo. Kuzirudisha nyuma hutokea.

Mengine upesi upesi. Zungusha usukani mpaka mwisho, gari izunguke taratibu uwanjani huku vioo vimefunguliwa. Ukisikia tik-tik-tik mbele, jointi za magurudumu zimekwisha. Pita juu ya matuta kwa pembe, tairi moja kwanza, usikie bushi, ile mipira ya chini ya gari. Ubavuni mwa tairi tafuta namba nne za mwisho: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018, na tairi ya zamani hata ikiwa na meno imeshakuwa ngumu. Redio ya Kijapani inaishia kwenye masafa ya 90 au 95, stesheni nyingi za huku hutazipata bila kifaa cha kuongezea, hilo lisikusumbue.

Buti lakini liangalie vizuri. Mlango wa nyuma wa Rush unafunguka kwa ubavu na umebeba tairi ya akiba mgongoni. Ufungue mpaka mwisho kisha uunyanyue kwa mkono: ukicheza juu chini, bawaba zimelegea na maji yataingia masika. Na kwenye meli gari zinapangwa bampa kwa bampa, mlango huo haufunguki. Ukisahau dawa za mama humo, utazipata Mkoani. X-Trail mlango wake unapanda juu, buti ni pana, na nyingi zina sakafu na viti visivyonyonya maji, watoto wakitoka pwani na mchanga wao unafuta kwa kitambaa. Ila ukirudi pwani suuza chini kwa maji ya mfereji, gari yoyote ile.

Ukinitaka niseme moja: kwa nyumba yako ningeanza na X-Trail, ingawa mimi mwenyewe nina Rush na naipenda. Nyinyi ni watano kila safari, kiti cha kati cha nyuma kitatumika kila siku, na kwenye Rush huyo wa katikati anabanwa. Mama pia ataingia na kutoka bila kushikwa. Mafuta itakula zaidi, hilo lipigie hesabu mapema pamoja na mumeo. CVT ikitetema hata kidogo pale Kijichi, usishawishike na punguzo la bei, hamia kwenye Rush na umtafutie mama kibao cha kukanyagia. Vezel ningeichukua isiyo haibridi, na kama Makunduchi kwenu nyumba iko karibu na lami. Ikiwa mnaingia ndani kwenye njia za mawe ya uwandani, itakwaruza tumbo.

Ukishapata moja ya kuangalia, tuma hapa karatasi ya mnada na picha za chini, za vizingiti na za nyuma karibu na shokapu, ufiche namba ya gari. Nitazisoma, na wapo mafundi humu wanaojua kuliko mimi. Wikiendi nikiwepo Unguja niko tayari kuja na mke wangu tuilalie chini pamoja.